Ghala la Desemba: Kujiandaa ama Kuvizia?



Jumapili iliyopita tulipomaliza somo la wanawali kumi, watu watatu walinifuata mlangoni na swali lile lile. Wote ni wafanyabiashara: mmoja ana duka la vyakula, wa pili anauza nguo za watoto, wa tatu ana kibanda cha viatu karibu na stendi. Yule wa vyakula ndiye aliyeliuliza vizuri zaidi. "Pasta, nikinunua magunia kumi ya sukari sasa Septemba, nikayaweka, halafu Desemba bei ipande na mimi niuze kwa bei ya Desemba, hapo nimekuwa mwanamwali mwenye busara ama nimekuwa mnyonyaji?"

Swali kama hilo halijibiwi mlangoni watu wakipokezana watoto na viatu vyao. Nimeomba kurasa za juma hili nilijibu, kwa sababu najua walioliuliza ni watatu lakini wanaoliwaza ni wengi. Na wale ambao hawana duka nao wamo ndani, maana ninyi ndio mtakaosimama upande ule mwingine wa kaunta tarehe 24.

Kuna majibu mawili ya haraka. La kwanza ni la sokoni: biashara ni biashara, anayelia bei aende kwingine. La pili ni la kanisani: mkristo asijisumbue na kesho, auze kwa bei ya kununulia na Bwana atamzidishia. Jibu la kwanza halina Mungu. La pili halina hesabu, na mwenye duka akilifuata mwaka mmoja, mwaka wa pili hana duka. Mimi nimesomea biashara kabla ya kuitwa madhabahuni, kwa hivyo mnivumilie nikichanganya hizi daftari mbili.

Tuanze na jambo rahisi. Je, kujiandaa mapema ni kukosa imani? Hapana, na sitakaa hapo sana. Bwana wetu katika Mathayo 6 alikataza kuhangaikia kesho. Hakukataza kununua mafuta ya taa. Yakobo sura ya 4 anawakemea wafanyabiashara waliopanga safari, mji, mwaka mzima na faida, lakini ukisoma vizuri hakuwaambia waache kupanga. Aliwaambia waongeze kwamba Bwana akipenda. Nao chungu wa Mithali 6 hana msimamizi wala mkubwa wake, na bado anakusanya wakati wa mavuno. Kuna ndugu zetu ambao kila Desemba wanaomba upenyo wa biashara na rafu ziko tupu. Jameni, huwezi kukemea pepo la kukosa bidhaa. Hilo si pepo. Ni Oktoba ilipita ukiwa umekaa.

Na angalieni majirani zetu Waislamu hapa Isiolo. Ramadhani na Idi husogea nyuma kama siku 10 au 11 kila mwaka kwa kalenda yetu, na siku yenyewe ya Idi haijulikani hasa mpaka mwezi uandame. Bado nguo za Idi huwa zimefika madukani mapema. Sisi sikukuu yetu iko tarehe 25 Desemba, haijawahi kuhama, na kila mwaka inatushtua kama mgeni asiyepiga simu. Tena mara nyingi nguo za Krismasi za watoto wa kanisa hili huuzwa na duka la Mwislamu, kwa sababu yeye aliikumbuka Krismasi kabla yetu. Sisemi hivyo kwa wivu. Nasema tumshukuru.

Kwa sababu kazi ya kuleta bidhaa mapema katika mji huu ni kazi kweli. Vitu vingi vinatoka Nairobi, vinapitia Nanyuki na Timau au vinazungukia Meru. Desemba lori linatafutwa na kila mtu. Ukifika Kamukunji ama Eastleigh wiki ya pili ya Desemba, saizi nzuri za viatu vya watoto zimeshachukuliwa na unaokota mabaki, kwa bei ya juu kuliko Septemba. Huku kwetu mvua za vuli zinaanza Oktoba mpaka Desemba. Zikinyesha vizuri tunamshukuru Mungu kwa malisho, lakini mteja wa Merti anakwama njiani, na duka dogo la Merti linalonunua kwako linakwama naye. Mwisho wa 2023, mvua za El Niño zilipokata barabara nyingi za kaskazini, aliyekuwa na unga stoo alikuwa na unga, na aliyekuwa anangoja lori alikuwa na kaunta.

Kwa hivyo mtu anayenunua Septemba amebeba kitu kwa niaba yetu. Pesa yake imelala miezi mitatu. Panya ni wake, wadudu wa unga ni wake, mtindo wa nguo ukipitwa hasara ni yake. Ndiyo maana napenda jinsi Mithali 11:26 ilivyopangwa. Watu wengi wanakumbuka nusu ya kwanza tu, laana ya yule anayeizuia nafaka. Nusu ya pili inampa baraka anayeiuza. Haisemi anayeigawa bure, ingawa kugawa nako kuna baraka zake kwingine. Inamsema muuzaji. Mungu anayo baraka ya mtu aliyekuwa na nafaka siku inahitajika na akaitoa sokoni kwa bei. Wenye maduka, hiyo baraka ni yenu, msione aibu nayo.

Lakini hapa mhasibu aliye ndani yangu anainua mkono kabla ya mhubiri. Kujiandaa mapema kwa mkopo ghali si busara. Chukua mfano wa 50,000 kutoka kwa chama kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi. Septemba, Oktoba, Novemba: ni 15,000 ya riba kabla hujauza hata soksi. Hiyo 15,000 utaitoa wapi? Kwa mteja. Yaani bei yako ya Desemba imeshakuwa mbaya tangu Septemba, hata kama moyo wako ni mzuri. Hustler Fund iliyoanzishwa Novemba 2022 ina riba ndogo, asilimia 8 kwa mwaka, lakini mkopo wake wa mtu binafsi unarudishwa ndani ya siku 14. Huo si mkopo wa kulaza bidhaa mpaka Krismasi. Afadhali kununua kidogo kidogo kwa faida ya kila wiki: wiki hii katoni mbili za mafuta ya kupikia, wiki ijayo bunda la unga wa ngano, ukiangalia tarehe ya mwisho wa matumizi kwa kila paketi. Ni polepole na haina ushuhuda wa kusimulia madhabahuni. Lakini Desemba inakukuta bila bwana wa kumlipa, na mtu asiye na bwana wa kumlipa anaweza kuwa na huruma.

Sasa tuingie kwenye swali lenyewe, kwa sababu mpaka hapa tumesifu tu.

Mtu anayejiandaa ana kitu kimoja ambacho mteja wake hana. Si sukari. Ni kujua. Anajua Septemba kwamba Desemba bei itapanda, anajua nani atakuja, anajua mama wa watoto wanne hawezi kukwepa viatu. Mteja naye anajua kwamba Krismasi ipo, lakini kujua kwake hakuna mtaji. Mzee anayepokea 2,000 kwa mwezi za Inua Jamii, na mara nyingine zinachelewa zikaja kwa mkupuo, anajua vizuri sana kwamba unga ungekuwa nafuu Septemba. Atanunua na nini? Basi swali la kiroho ni hili: ukijua mapema kuliko jirani, hiyo faida ya kujua ni ya nani?

Tukisema kujiandaa, wahubiri wote tunakimbilia Yusufu. Mwanzo 41, miaka saba ya shibe, sehemu moja ya tano ya mavuno, ghala katika kila mji. Tunahubiri hapo, tunapiga makofi, tunafunga Biblia. Wachache tunaendelea mpaka sura ya 47. Endelea. Njaa inapokuja, watu wanaleta fedha yao yote kwa Yusufu. Fedha inapoisha wanaleta mifugo: farasi, kondoo, ng'ombe, punda. Mwaka unaofuata hawana mifugo, wanaleta mashamba yao na miili yao, na nchi inakuwa ya Farao. Watu wenyewe walimshukuru, wakamwambia amewaokoa. Na ni kweli aliwaokoa. Lakini nafaka ile ilitoka wapi? Ilitoka katika mashamba yao, miaka ile saba. Maandiko hayatuambii kwamba mtu yeyote aliwaendea na kuwaambia: ndugu, njaa inakuja, nanyi wekeni chenu nyumbani.

Mahali pengine hadithi hiyo ni ya kale. Isiolo si ya kale. Kati ya mwisho wa 2020 na 2022 misimu mitano ya mvua ilikosa mfululizo, na mnakumbuka soko la mifugo lilivyokuwa. Mbuzi aliyekonda alishuka bei juma baada ya juma, na unga ukapanda, mpaka mfugaji akatoa mbuzi wengi kwa chakula kidogo. Kwanza fedha, kisha mifugo. Sura ya 47 tuliiona kwa macho kwenye barabara yetu. Wako waliouza unga wakati ule kwa bei ya haki, wakala faida yao ndogo, na leo wakipita Kambi Garba ama Oldonyiro wanaitwa kwa jina la heshima. Na wako wengine. Sitawataja, na wao hawapendi kutajwa.

Mimi simhukumu Yusufu. Alikuwa mtumishi wa Farao, na Farao ndiye aliyekula ile faida. Ninachosema ni kwamba ghala la Yusufu lina milango miwili. Ukiingia kwa mmoja unatoka kwa wokovu wa watu, ukiingia kwa mwingine unatoka na watumwa, na ghala ni lile lile, nafaka ni ile ile, hata tarehe ya kujaza ni ile ile. Kwa hivyo usiniambie tu kwamba ulijiandaa. Niambie katika kujiandaa kwako nani alikuwemo.

Yule tajiri wa Luka 12 aliyebomoa ghala ili ajenge kubwa zaidi, kosa lake si ghala. Yusufu naye alijenga. Sikiliza anazungumza na nani: anazungumza na nafsi yake. Mavuno yangu, ghala zangu, vitu vyangu, nafsi yangu ipumzike. Katika mpango wote ule hakuna mtu wa pili. Hakuna mke, mfanyakazi, jirani, hata mteja.

Watu wa zamani walilijadili jambo hili pia. Cicero wa Roma, katika kitabu juu ya wajibu alichomwandikia mwanawe mwaka wa 44 kabla ya Kristo, anaeleza mfano wa mfanyabiashara aliyeleta meli ya nafaka kutoka Alexandria mpaka kisiwa cha Rhodes wakati wa njaa. Watu wa Rhodes wako tayari kulipa chochote. Lakini yeye amepishana na meli nyingine baharini, zimejaa nafaka, ziko njiani. Awaambie, ama anyamaze auze kwa bei ya njaa? Wanafalsafa wawili walibishana. Diogenes wa Babeli alisema sheria haimlazimishi kusema yote anayoyajua, mradi asidanganye. Antipater, mwanafunzi wake, akasema lazima aseme, maana sote ni familia moja ya wanadamu na kuficha ni kumdhuru ndugu. Cicero akasimama na Antipater. Wapagani hao, wapendwa, hawakuwa na Injili mkononi! Na sisi hapa, mtu anajua lori la sukari limeshatoka Nairobi na litaingia kesho asubuhi, halafu jioni anamwambia mama wa watu, "nunua leo, kesho haitakuwepo." Huyo hata kwa Diogenes hapiti.

Sasa bei. Hapa najua mnaningoja.

Tuseme kiatu cha mtoto kimekugharimu 600 Septemba pamoja na nauli. Siku zote unauza 800. Desemba kule Nairobi bei ya jumla imefika 700. Uuze 800 ama 950? Chuoni tulifundishwa kuangalia gharama ya kurudisha bidhaa: ukiuza kwa bei ya jana hutaweza kununua ya kesho, na duka linasinyaa. Hoja hiyo ni ya kweli kwa sukari na unga, vitu ambavyo kila siku unarudi kuvinunua. Kama unga mpya utakugharimu zaidi, bei yako lazima ijue hivyo, na mteja akielezwa anaelewa. Lakini kiatu cha Krismasi, tarehe 23 Desemba? Hutarudi Nairobi kukinunua kesho. Unatumia hoja nzuri mahali ambapo haifanyi kazi. Hiyo 150 ya ziada haikutoka kwa gharama. Imetoka kwa hofu ya mama kwamba mtoto wake atakuja kanisani peku.

Thomas Aquinas, mwalimu wa kanisa wa karne ya 13, alilitenganisha jambo hili vizuri. Alisema kama kukiachia kitu chako kunakuletea wewe hasara, unaweza kukiuza zaidi ya kawaida kwa kiasi cha hasara hiyo. Lakini kama ni mnunuzi tu ndiye mwenye uhitaji mkubwa na wewe hupotezi lolote, huna haki ya kumwongezea bei, kwa sababu uhitaji wake si mali yako. Huwezi kuuza kisicho chako. Mimi nimezunguka na somo hilo miaka mingi na sijaona pa kulivunja. Pesa yako iliyolala tangu Septemba ni hasara yako, itoze. Chumba ulichokodi cha stoo, kitoze. Chozi la mteja halimo kwenye daftari lako.

Na sisi tunalijua jambo hili tukiwa upande wa pili. Kila Desemba matatu za kwenda mashambani zinapandisha nauli, wakati mwingine maradufu, na safari ni ile ile, dereva yule yule, viti vile vile. Tunalalamika njia nzima mpaka Makutano. Halafu tunashuka, tunafungua duka, na tunafanya vile vile kwa mchele. Ndugu zetu Waislamu wana neno la kufungia bidhaa mpaka watu wakwame, wanaliita ihtikari, na kwao imekatazwa. Ingekuwa aibu mteja aone afadhali kwenda kwa wenye sheria kuliko kwa wenye neema.

Kuna dada ameniambia, "Lakini pasta, mimi nikiuza 800 na mwenzangu anauza 950, yeye atakuja kununua zangu zote aziuze kwake." Ni kweli, hutokea. Mnakumbuka 2017 serikali iliposhusha unga wa paketi ya kilo mbili mpaka 90: unga ulipotea kwenye rafu, foleni zikaanza, na baadhi ya maduka yakaweka kikomo cha paketi kwa kila mteja. Bei ya huruma bila akili huishia mkononi mwa mlanguzi. Basi weka kikomo. Mteja mmoja jozi tatu, labda awe na watoto sita na unamjua. Ndiyo maana Mungu alikupa duka la mtaa na si la mji mzima: unajua nani ana watoto sita.

Lakini jambo ninalolipenda kuliko yote, na ambalo nawaomba wenye maduka mlianze juma hili, ni lipa polepole. Wengine wenu mnaifanya tayari. Septemba hii mama anachagua gauni la 1,200, unaliweka pembeni na jina lake, analipa 100 kila wiki, wiki kumi na mbili, na Desemba anakuja kuchukua bila kukopa kwa simu na bila kunywea mbele yako. Unaona kilichotokea? Ule ujuzi wako wa Septemba umemgawia. Yeye naye amejiandaa mapema, kwa 100 zake. Wewe umeuza mapema, unajua saizi gani za kuleta, na hulali na wasiwasi kama gauni litabaki Januari. Angekuwa Yusufu aliyewafundisha Wamisri kujenga ghala ndogo nyumbani.

Ila lipa polepole ina mtego wake na lazima niuseme. Zile 100 si zako mpaka gauni litoke. Ukizila Oktoba kwa karo, halafu Novemba mwenye gauni anafiwa na anataka pesa yake, utamwambia nini? Pesa ya wateja iwekwe kando, simu nyingine ama akaunti nyingine, na daftari iwe na sahihi mbili, yako na yake, na kadi yake aende nayo nyumbani. Kubalianeni mwanzoni akishindwa atarudishiwa ngapi. Mimi nasema zote, au ukate kidogo tu kwa usumbufu, lakini msikubaliane siku ya ugomvi. Na bei mliyoandika Septemba ndiyo bei, hata dunia ipande. Zaburi 15 inamsifu mtu anayeshika neno lake hata likimuumiza.

Jambo hili linawahusu wafugaji pia. Krismasi ni msimu wa mbuzi. Mfugaji wa Kinna anayejua mapema kwamba Desemba mbuzi atatafutwa Nairobi hawezi kukubali bei yoyote ya Oktoba, kama malisho yapo. Wewe dalali uliye kanisani humu unajua bei ya Nairobi kwa simu yako kila asubuhi. Mwambie. Utanunua mbuzi wake kwa bei ya juu kidogo, nawe utapata chako kwa safari na kwa kazi, lakini meli za Rhodes utakuwa umezisema.

Mengine nayapitia kwa haraka. Gorogoro iliyobonyezwa chini mnaijua, na Amosi sura ya 8 anaijua, aliwaona watu wanaopunguza kipimo na kungoja sabato iishe wafungue duka. Gorogoro yako iwe nzima Desemba kama Machi. Bidhaa iliyopita tarehe usiichanganye na mpya kwa sababu watu wana haraka. Na yule msichana anayekuuzia duka kuanzia saa moja asubuhi mpaka saa nne usiku wiki mbili mfululizo, naye ana Krismasi, ana mama yake huko Maua anayemngoja. Mpe siku yake na nauli yake, na uipange sasa Septemba kama unavyopanga sukari.

Basi yule ndugu wa magunia kumi, jibu langu ni hili. Nunua. Nunua hata kumi na mbili ukiweza bila deni. Lakini kabla ya kuyafunga stoo, waambie wateja wako wa kila siku kwamba unayo, na kwamba anayetaka sukari ya Krismasi kwa bei ya leo aanze kulipia kidogo kidogo leo. Magunia mengine yatakayobaki, Desemba yatoze gharama zako zote na faida yako ya siku zote. Kama wakati huo sukari imepanda kila mahali, nawe lazima ununue nyingine kwa bei mpya, panda nayo, na useme kwa nini. Mwaka wa 2023 tuliiona kilo ikipita 200, na hakuna mwenye duka wa mtaani aliyeisababisha.

Ipo kesi moja ambayo sijaimaliza, na sitajifanya nimeimaliza. Ni tarehe 24, saa kumi na mbili jioni. Mama ambaye hakulipa polepole, kwa sababu hakuwa hata na 100 ya wiki, amesimama kaunta na 500. Kiatu ni 800, na kimekugharimu 600. Haki imeshatimia, bei yako ni safi, huna deni naye. Ukimpa kwa 500 umepata hasara ya 100, na nyuma yake wako wengine wanne wanaosikiliza. Ukimnyima hujatenda dhambi. Aquinas atakutetea, mwalimu wangu wa chuo atakutetea. Mimi ninawajua wenye maduka wawili hapa Bulla Pesa ambao tangu Oktoba huweka pembeni jozi tano kwa ajili ya jioni hiyo, wamezihesabu kama gharama, kama taa na kodi ya chumba. Wanasema ni rahisi zaidi kutoa kitu ambacho uliamua mapema si chako. Hao pia wamejiandaa kwa msimu.

Jumamosi hii baada ya maombi ya asubuhi nitakaa kanisani mpaka saa sita na yeyote anayetaka kupanga daftari ya lipa polepole. Njoo na kitabu chako cha mauzo ya Desemba iliyopita. Kama huna kitabu, njoo na kumbukumbu na kalamu, tutaandika pamoja: ni nini kiliisha mapema, nini kilibaki mpaka Machi, na nani alirudi nyumbani bila kitu.